Foili ya kaboni ni tamu, lakini haijui njia ya Malinya

Posti hii najua itaniletea vita na wenzangu wa Diani, lakini acha niseme tu. Kama wewe ni kijana wa hapa kwetu na unanunua foili yako ya kwanza kwa pesa yako mwenyewe, achana na kaboni. Nunua alumini. Na kabla hujaanza kuandika komenti, soma mpaka mwisho, kwa sababu mimi nimekuwa na zote mbili, na zote mbili nimezibeba kwa basi kutoka Pwani hadi kwetu Malinya.

Wale wa nyumbani mnaonifuata kwa sababu ya video za fahali, tulieni, nitawaeleza. Foili ni kama ndege ndogo inayopaa chini ya maji. Ina vipande vinne: mlingoti unaoshuka kutoka kwa bodi, mgongo unaolala chini yake, bawa la mbele linalobeba uzito wako, na mkia wa kusawazisha. Ukishika mwendo, maji yanayopita kwenye bawa yanaliinua, bodi inatoka majini, na unateleza bila kelele yoyote. Mikononi unashika tanga dogo la kujazwa hewa ambalo halijafungwa popote. Mchezo wote huo ndio wingifoili. Na wazo la foili si la jana. Mwitaliano Enrico Forlanini aliinua mashua juu ya maji kwa foili katika Ziwa Maggiore mwaka 1906. Kipya ni kwamba siku hizi mashua yenyewe inaingia kwenye begi.

Sasa hapo kwa begi ndipo shida yangu ilianzia.

Nilienda Diani kuosha bodi na kukunja matanga ya wageni, nikajifunza jioni wakishaenda. Baada ya miezi minane ya kuweka akiba nikanunua foili ya mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Kaboni tupu. Mlingoti wa sentimita 85 ulioungana na mgongo wake, kipande kimoja, hakuna bolti pale katikati. Bawa la mbele refu na jembamba, sentimita mraba 900. Manze, ilikuwa tamu. Nyepesi, ngumu, ukisukuma kwa mguu inajibu papo hapo. Nilijiona bingwa.

Desemba ikafika, nikaamua kwenda nayo nyumbani. Nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu kwamba nitampeleka Kisumu aone mtu akipaa juu ya ziwa. Kutoka kwetu hadi ziwani ni safari ya asubuhi moja tu, na sisi hatujawahi kuliona kama mahali pa kucheza.

Angalia njia yenyewe. Matatu kutoka Ukunda hadi Likoni, feri, tuktuk hadi stendi, basi la usiku hadi Nairobi, basi lingine hadi Kakamega, kisha bodaboda hadi Malinya. Kipande kile kimoja chenye umbo la T hakikuingia kwenye begi lolote la kawaida. Nilikifunga kwa blanketi. Kondakta akanitoza kama abiria wa pili, halafu akakisukuma chini ya buti pamoja na magunia ya nazi na godoro la mtu. Simlaumu. Kazi yake ni kupakia basi.

Nilipofungua blanketi nyumbani, nyanya alikuja kutazama. Akasema, "Umeniletea plau? Na ng'ombe wako wapi?" Tulicheka sote. Halafu nikaona ufa, pale mlingoti unapokutana na kile kibao cha kufungia bodi.

Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Huyu ni mzee ambaye amefufua mageti, mikokoteni na fremu za pikipiki za kijiji kizima. Aliigeuza, akaigonga kwa kucha, akanirudishia. "Kijana, mimi nachomelea chuma. Hii kitu yako ni nguo iliyokaushwa na gundi."

Na alikuwa sahihi kabisa. Kaboni ni kitambaa cha nyuzi kilichoshikwa na gundi ngumu. Ukitaka kukitengeneza vizuri unahitaji kitambaa chake, gundi yake, na mtu anayejua. Ufa unaouona kwa nje unaweza kuwa umesafiri ndani zaidi, na mlingoti ukikatika ukiwa katikati ya ziwa, unarudi kwa kuogelea. Miezi minane yangu ikalala chini ya kitanda. Mdogo wangu hakuuliza kitu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Foili ya pili niliinunua kwa kuuliza maswali tofauti. Kwetu hakuna anayenunua fahali kwa kuangalia pembe tu. Unauliza anakula nini, anatembeaje, na akiumia nani atamtibu. Basi nikauliza hivyo hivyo.

Swali la kwanza ni la bei. Mlingoti wa kaboni peke yake ukiwa mpya mara nyingi unapita dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi laki moja za Kenya. Wa alumini unaweza kuupata kwa theluthi ya hiyo. Ukitaka mfano, Armstrong na Axis wote wanatoka New Zealand. Armstrong wamejenga jina lao kwenye kaboni. Axis wanayo kaboni pia, lakini wanauza mlingoti wa alumini wenye unene wa milimita 19 ambao unabadilisha urefu utakavyo. Sijalipwa na yeyote kati yao, na laiti wangenilipa!

Swali la pili ni njia. Foili ya alumini kwa kawaida inafunguka yote: mlingoti peke yake, mgongo peke yake, mabawa kwenye soksi zao. Mlingoti wa sentimita 75 unalala ndani ya begi la nguo na suruali zako zinaufunika. Kama ni ndege, mashirika mengi yanakupa mzigo wa kilo 23, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Ndege ndogo za hapa ndani nyingi zinakupa kilo 15 tu. Ndiyo, kaboni inakuokolea kilo moja hivi. Lakini kilo moja utaiokoa kwa kuacha viatu vya pili nyumbani. Kinachokuumiza ni umbo. Kwa sababu hiyo hiyo chukua bodi ya kujaza upepo, maana hata bodi ngumu fupi ikikaribia mita moja na nusu imeshavuka kipimo.

Swali la tatu ni maji. Watengenezaji wengi wanafikiria bahari yenye kina. Sisi tuna mwamba. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa yanapanda na kushuka karibu mita 4, na maji yakipwa Diani unaweza kutembea mbali sana kwa miguu. Mlingoti wa 90 unakunyima muda wa kucheza kila upande wa maji kujaa. Wa 75 unakurudishia muda huo, na ukigusa mchanga unaanguka kutoka chini. Alumini ikigonga jiwe inachubuka. Kaboni ikigonga jiwe, unaanza kusali.

Mwaka jana nilisafiri na foili hiyo ya alumini hadi Paje, Unguja. Lunga Lunga, Tanga, Dar, boti, daladala. Hakuna aliyenitoza abiria wa pili. Lakini kule nilijifunza jambo ambalo hakuna video ya kulinganisha foili inalisema. Akina mama wa Paje na Jambiani wamelima mwani tangu 1989, kwa vigingi na kamba, hapo hapo kwenye maji mafupi tunayoyapenda. Maji yakijaa huoni kitu. Foili ni kisu, bana. Ukikata kamba yake umekata mshahara wa mtu. Kwa hiyo maji yakipwa nenda kwa miguu, uliza, tia alama mahali pa kupita. Foili yoyote ile, hilo ni lako.

Swali la nne ni upepo. Kusi na kaskazi vikikaza, bawa dogo linatosha. Ziwani ni habari nyingine. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 na tanga lako linavuta kidogo kuliko Diani. Maji yenyewe hayana chumvi, yanabeba kidogo pia. Upepo wa ziwa unakuja mchana na kwa upole. Lile bawa langu la 900 lingekuwa nanga. Hili la sasa ni la 1,500, fupi na nene kidogo. Haliendi kasi sana lakini linapaa mapema na halikuangushi ovyo. Mtu wa kilo 70 anayejifunza asiogope hata kufika 1,800.

Sasa niwe mkweli kuhusu ubaya wa alumini, maana nao umeniuma. Msimu mmoja mzima sikuifungua. Uvivu tu. Bolti za stenlesi zikikaa ndani ya alumini kwenye maji ya chumvi, alumini inaliwa taratibu, inatoa unga mweupe, na bolti inashika kama imezaliwa humo. Siku ya kusafiri bolti mbili zilikataa kabisa. Lakini sikiliza nilichofanya: nilienda na mgongo peke yake kwa fundi yule yule wa kijijini. Akapasha moto, akatoboa, akachonga nyuzi mpya, akanipa bolti za M8 kutoka hadiwea. Jioni hiyo hiyo ilikuwa imefungwa. Tangu hapo kila jioni nasuuza kwa maji ya bomba, kila wiki nafungua, napaka grisi, nafunga. Kwenye begi nina bolti za akiba na funguo ya kichwa cha nyota, kwa sababu hiyo si kila fundi anayo.

Pia mlingoti wa alumini ukiwa mrefu unajipinda kidogo ukigeuka kwa nguvu. Ni kweli. Kama unaishi Diani, vifaa vyako vinalala stoo ya ufuoni, unashindana, na pesa ipo, chukua kaboni na usinijibu.

Ila wengi wetu si hao. Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mchezo ambao kifaa chake kikivunjika lazima kirudi Ulaya utabaki wa wageni, na sisi tutabaki kuosha bodi. Mchezo ambao kifaa chake kinaingia kwenye matatu na kutengenezwa na mzee wa kuchomelea, huo unaweza kuwa wetu.

Tulienda Kisumu hatimaye, upande wa Dunga, mimi na mdogo wangu. Tuliwauliza wavuvi nyavu ziko wapi, na wakatuonyesha pia gugumaji lilikokuwa linaelea, maana likijisokota kwenye mlingoti unasimama ghafla kama umeshikwa mguu. Upepo ulikuja saa tisa. Nilipaa labda mara sita, si mbali. Mdogo wangu alipaa mara moja, kama sekunde nne hivi, akaanguka, akatoka majini akipiga kelele za uwanjani Malinya.

Foili ile ya kaboni bado iko chini ya kitanda. Kama unamjua fundi wa kaboni magharibi mwa Kenya, niandikie hapo chini, nitamletea kwa miguu.