Bobari butu inakula faida ya bakuli

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mwenye shamba la mahindi kule Dumila au Kimamba, msemo huo una ukweli wake. Lakini kwa fundi anayekereza mabakuli ya mti kwa mashine, wiki hii tunaomba kutofautiana na wahenga. Katika kazi hiyo, asiyechagua chombo hupoteza gogo, hupoteza muda, na pengine hupoteza vidole.

Tunayasema haya kwa sababu soko liko karibu. Mji wa Mikumi umekaa kwenye barabara kuu iendayo Zambia, na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 huleta wageni wanaopenda kuondoka na kitu cha mkononi. Kilosa nako, tangu mwaka 2024, treni ya SGR inapita ikielekea Dodoma. Miti pia ipo. Kuna mpingo na mninga msituni, na kuna miembe iliyozeeka mashambani ambayo wengi wetu huishia kuichoma mkaa.

Tatizo ni kwamba bakuli lenye nyuzi zilizong'oka hupigwa msasa nusu siku, na bado mnunuzi akilipapasa hulirudisha mezani. Mara nyingi kosa si la mti. Ni la bobari, ile patasi yenye mfereji ambayo ndiyo jembe la mkereza bakuli.

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Bobari pana na bapa, ya kukwangulia miguu ya meza na vitanda, haifai kabisa kwa bakuli. Shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba. Ikinasa kwenye ukingo wa bakuli linalozunguka, shina hilo huweza kukatika na kipande cha chuma kikaruka. Bobari ya bakuli hutengenezwa kwa nondo ya duara, nene kuanzia makali hadi ndani ya mpini, na mfereji wake ni wa kina. Kwa anayeanza, nondo ya milimita 12 inatosha kwa kazi nyingi.

Tazama pia aina ya chuma. Tafuta herufi HSS, zilezile zilizoandikwa kwenye keekee za kutobolea vyuma. Chuma hicho huvumilia joto la jiwe bila kulegea. Bobari iliyofuliwa kwa springi ya gari inafaa kwa kuchonga kwa mkono, lakini kwenye jiwe la umeme huhitaji uangalifu. Ikigeuka rangi ya bluu, makali yake yamekwisha kulegea na itabidi usage mpaka uvuke sehemu hiyo. Ya springi ichovye majini kila mara ingali na uvuguvugu. Ya HSS ikipata moto sana usiichovye, kwani inaweza kupata nyufa ndogo zisizoonekana. Iache ipoe yenyewe.

Kosa la pili ni kunoa kwa kubahatisha. Mteremko wa makali kwa bakuli uwe kati ya nyuzi 40 na 60. Huna kipimo? Kunja kona ya karatasi mara moja katikati, utapata nyuzi 45, nazo zinafaa kwa upande wa nje na kwa bakuli la kina kifupi. Bakuli refu kwenda chini linataka mteremko butu zaidi, karibu nyuzi 60, ili makali yafike kwenye sakafu yake huku mteremko ukiendelea kuegemea mti.

Paka mteremko wino wa kalamu nene kabla ya kugusa jiwe. Gusisha kwanza kisigino cha mteremko, kisha inua mpini polepole huku ukiizungusha bobari, mpaka cheche zianze kupita juu ya makali. Simama hapo. Wino ukibaki sehemu fulani, hapo jiwe halijafika. Jiwe jeupe ni bora kuliko la kijivu linalouzwa pamoja na mashine nyingi, kwa sababu halipashi chuma moto haraka. Na usikaribie jiwe bila miwani.

Ukikereza mpingo, mti ambao ukitiwa majini unazama, usingoje bobari igome. Inoe mara kwa mara, kidogo kidogo. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, hivyo kuuharibu kwa chombo butu ni hasara isiyolipika katika maisha ya fundi mmoja.

Tunajua hoja ya wengi kwamba bobari ya HSS ni ghali. Ni kweli. Lakini anayenunua seti ya bei rahisi kisha akamaliza msasa kila wiki hajaokoa kitu. Ni afadhali bobari moja nzuri kuliko sita za kutundika ukutani. Jiwe la kunolea nalo si lazima kila mtu awe na lake. Vijana watano wanaweza kulimiliki pamoja. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imewekwa kwa ajili ya vikundi vya namna hiyo vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Rai yetu kwa wenye maduka ya vifaa ni kwamba wasimuuzie mkereza bakuli bobari ya miguu ya meza. Kwa chuo cha VETA Mikumi, tunaomba somo la kunoa lipewe uzito sawa na la kukereza. Na kwa mkulima anayetaka kuangusha mwembe wake mkongwe, amwone kwanza fundi wa jirani kabla ya kuwasha tanuri. Lakini akifika, amwombe kwanza amwonyeshe bobari yake.