SAYANSI NYUMBANI: Mwanga Upoteavyo Ndani ya Uzi wa Kioo

Avukaye Mto Nile kutoka Juba kuelekea mashariki hufika Sherikat, kando ya barabara kuu iendayo Nimule, mpakani mwa Uganda. Barabara hiyo ya kilomita 192 ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012. Mwaka 2020 kampuni ya Liquid Telecom ilitangaza kwamba mkongo wake wa mawasiliano umeifikia Juba kutoka mpaka huo. Tangu hapo salamu za askari kwa mkewe aliyeko Kampala zaweza kusafiri kwa mwanga.

Lakini mwanga huo haufiki wote. Hata katika kioo safi kabisa, nusu yake hupotea kila kilomita 15 hivi. Kwa umbali kama wa barabara ile, pasipo mtambo wa kuukuza, ingesalia sehemu moja tu katika 7,000. Na hiyo ni hesabu ya uzi ulionyooka!

Katika uzi ambao kiini chake ni kipana, mwanga una njia nyingi: mwingine hupita katikati, mwingine hugonga kingo huku na huku. Kila njia wataalamu huiita modi. Uzi ukibanwa au ukikunjwa, modi hugawiana nguvu, na zile za kingoni huvuja nje. Mwaka 1972 Detlef Gloge wa maabara ya Bell, Marekani, alionyesha kwamba mgawano huo hukokotolewa kama joto lisambaavyo katika chuma. Mwenzake, Dietrich Marcuse, aliichambua hesabu hiyo kwa kina. Hivyo mhandisi hukadiria hasara kabla mtaro haujachimbwa.

Uzi wa masafa marefu, wenye kiini cha mikroni 9 hivi, hubeba modi moja tu. Haina jirani wa kugawiana naye. Lakini mkunjo mkali huutoa mwanga nje ya kiini, nao haurudi tena.

Kwa hiyo nyumba iliyoingiziwa mkongo isiutendee kama waya wa shaba, ambao hupitisha umeme hata ukizungushwa kwenye msumari. Ukihitaji kuviringishwa, duara lake lisiwe dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Watoto nao wakatazwe kuchungulia ncha iliyokatika: mwanga huo hauonekani, ilhali waweza kuyadhuru macho.