Moshi wa dizeli Mtwara: Umetoka mitamboni, umehamia barabarani

MKOA wa Mtwara umekalia gesi asilia, lakini barabara zake kuu bado zinafukizwa na moshi wa dizeli. Sheria ya kuulinda umma dhidi ya moshi huo ipo, na mafuta yanayoingia nchini sasa ni safi kuliko zamani. Kinachokosekana ni mahali ambapo lori litasimamishwa na moshi wake kupimwa.

Historia ya karibuni ya mkoa huo inaonyesha kuwa dizeli inaweza kudhibitiwa. Hadi katikati ya miaka ya 2000, umeme wa Mtwara ulitegemea jenereta za dizeli. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa na kampuni ya Agip ya Italia mwaka 1982, ilikaa ardhini kwa takriban robo karne bila kutumika.

Mambo yalibadilika kampuni ya Artumas ilipojenga mitambo ya gesi mjini Mtwara. Ilipofika mwaka 2007, mitambo hiyo, ambayo uwezo wake ulifikia megawati 18, ilikuwa imechukua nafasi ya jenereta.

Kiwanda cha saruji cha Dangote, chenye uwezo wa kuzalisha tani milioni tatu kwa mwaka, kilipita njia hiyo hiyo. Kilizinduliwa mwaka 2015 kikiendeshwa kwa jenereta za dizeli, na mwishoni mwa mwaka 2016 uzalishaji ulisimama kwa muda, gharama ya nishati ikiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2018 kiwanda kilianza kutumia gesi.

Hatua nyingine ilichukuliwa kwenye mafuta yenyewe. Kuanzia Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango kipya kinachotaka dizeli isiwe na zaidi ya sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni. Kiwango cha awali nchini kiliruhusu angalau mara kumi ya hapo.

Salfa inapoungua huzidisha masizi na kuharibu vifaa vya kusafisha moshi vilivyofungwa kwenye magari ya kisasa. Kichujio cha masizi hakiwezi kudumu iwapo mafuta ni machafu. Kwa hiyo kusafisha dizeli kulikuwa sharti la kwanza.

Mafanikio hayo mawili yana siri moja: mlango ulikuwa mwembamba. Mitambo ya umeme iko mahali pamoja. Mafuta huagizwa kwa pamoja na kuingia kupitia bandari tatu tu za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, ambako sampuli hupimwa kabla hayajashushwa. Injini za malori ni maelfu, kila moja na mmiliki wake na fundi wake.

Makaa ya mawe yaongeza malori

Ugumu huo ulijitokeza wazi mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya makaa ya mawe duniani, wanunuzi waligeukia migodi ya mkoa wa Ruvuma. Bandari ya Mtwara, iliyozoeleka kwa korosho, ikaanza kupokea misafara ya malori yaliyosafiri zaidi ya kilomita 600 kupitia Songea, Tunduru na Masasi.

Biashara hiyo ilileta ajira na mapato. Ilileta pia moshi katika miji ambayo wachuuzi na wanafunzi hushinda kando ya barabara. Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Tanzania haikusubiri tamko hilo kutunga sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilipitishwa mwaka 2004, na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa zikafuata mwaka 2007. Hata hivyo, ukaguzi wa magari barabarani hutazama zaidi breki, taa na matairi. Moshi hupimwa kwa macho, na macho hayatoi ushahidi.

Jawabu lipo njiani tayari. Tangu Machi 2019 Tanzania inatekeleza sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, na malori ya mizigo hulazimika kupita kwenye mizani. Kifaa cha kupima uzito wa moshi huingizwa kwenye bomba la kutolea moshi, dereva hukanyaga mafuta mara chache gari likiwa limesimama, na majibu hupatikana kwa dakika chache.

Malori ya makaa ya mawe yana milango miwili mingine: lango la mgodi na lango la bandari. Lori lisilofaulu linaweza kunyimwa mzigo badala ya kutozwa faini, jambo linaloumiza zaidi na lisilohitaji askari kila kona.

Wasafirishaji watauliza nani atalipa. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa gharama ya usafiri huishia kwa mkulima wa korosho na mnunuzi wa saruji. Lakini sehemu kubwa ya moshi mweusi hutokana na chujio la hewa lililoziba, nozeli zilizochakaa, pampu iliyochezewa au mzigo kupita kiasi. Kasoro hizo humla mwenye gari mafuta kila siku, na kuzirekebisha hakuhitaji kununua lori jipya.

Kwa muda mrefu zaidi, njia ni kubadili nishati kama ilivyofanyika kwenye umeme. Baadhi ya malori ya Dangote tayari yanatumia gesi iliyoshindiliwa, ambayo hutoa masizi machache mno. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, inayozungumzwa kwa miaka mingi, ingeondoa barabarani mizigo mizito zaidi. Reli itachukua miaka. Kipimo cha moshi kinaweza kuanza msimu ujao.

Suala hili lina uzito wa pekee Mtwara. Visima vya gesi vya Msimbati vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mwaka 2013 mpango wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam ulizua vurugu zilizogharimu maisha ya watu, wananchi wakidai rasilimali hiyo iwanufaishe wao kwanza. Bomba lilijengwa na gesi inasafiri. Mkoa unaotoa nishati safi kwa wengine una haki ya kudai kwamba wanaopita kwake na mizigo wasiuachie masizi.