Kukosa Nafasi Si Kukosa Akili



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na vyuo vikuu vikitangaza majina ya waliochaguliwa, sherehe hufuata. Jumuiya huchanga, picha hupigwa, na jina la kijana husomwa mbele ya watu. Hatuna ugomvi na sherehe hiyo. Anayestahili pongezi apewe. Tunasikitikia nyumba ya pili, ambayo siku hiyo hiyo imefunga mlango. Humo yumo kijana aliyeomba kusomea udaktari akakosa. Baba hasemi naye. Shangazi anauliza mbona mtoto wa jirani ameweza. Jumapili kijana haonekani, nasi hatuulizi habari zake. Tusiume maneno: hiyo ni dhuluma, na wanaoitenda ni sisi.

Hebu tutazame kwanza hesabu yenyewe. Hapa Tanzania, sharti la jumla la kuomba shahada ya kwanza kwa aliyemaliza kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi yake kwa jumla ya pointi zisizopungua 4. Yaani D mbili zatosha. Sharti hilo humruhusu kijana kuomba, wala halimwahidi nafasi. Kozi zinazogombewa, udaktari ukiwa mmojawapo, zina masharti makubwa zaidi, na hata aliyeyatimiza yote hushindanishwa na wenzake waliotimiza. Tuseme darasa lina nafasi 100 na waombaji wenye sifa ni 1,000. Watu 900 watakosa, hata wote wakiwa hodari. Mwakani waombaji wakipungua, alama zile zile zilizoachwa mwaka huu zaweza kupokelewa. Je, akili ya kijana itakuwa imeongezeka? La hasha, foleni ndiyo itakayokuwa imepungua.

Mambo haya hayako kwetu tu. Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani, kwa wanafunzi walioanza masomo mwaka 2023, kilipokea maombi zaidi ya 56,000 kikakubali watu wasiofikia 2,000. Nani atathubutu kusema kwamba wale zaidi ya 54,000 waliobaki ni wajinga?

Wapo watakaotujibu kwamba mchujo, hata ukiwa mkali, huwapitisha walio bora. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mwaka 2023 wataalamu wa uchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba katika vyuo 12 vya Marekani vyenye sifa kubwa kabisa, watoto wa asilimia moja ya familia tajiri kuliko zote walikuwa na uwezekano wa kusoma humo zaidi ya mara mbili ya ule wa watoto wa familia za kipato cha kati, ingawa alama zao za mtihani zilikuwa sawa. Tena mwaka 2019 waendesha mashtaka wa nchi hiyo waliwashtaki watu wengi, wakiwamo wazazi matajiri, kwa kununua nafasi za vyuo kwa rushwa na udanganyifu wa mitihani. Tukirudi nyumbani, tunamwona mtoto aliyesoma sayansi bila maabara, mwalimu wa fizikia akiwa mmoja kwa shule nzima, akifanya mtihani ule ule anaoufanya mwenziwe aliyekuwa na vyote hivyo pamoja na mwalimu wa jioni. Mtihani wao ni mmoja, lakini njia waliyoijia haikuwa moja. Kweli, wazembe wapo. Lakini anayewaita wazembe wote waliokosa huwaondolea lawama wenye wajibu wa kujenga maabara na kuajiri walimu.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alipinga shule ya msingi kuwa maandalizi tu ya wachache watakaokwenda sekondari, huku walio wengi wakitoka wakijiona wameshindwa. Nafasi za sekondari zimeongezeka mno tangu hapo, ila dharau ile tumeihamishia mlango wa chuo kikuu.

Basi tufanye nini? Kwanza, kijana aachwe ahuzunike. Amepoteza kitu alichokitumaini kwa miaka, na huzuni yake si utovu wa imani. Asilinganishwe na mtu. Pili, huzuni ikitulia, mzazi akae naye watafute sababu: je, alikosa sifa, alizidiwa katika ushindani, au alikosea kujaza maombi? Kila ugonjwa una dawa yake. Aliyezidiwa atazame awamu inayofuata, kozi nyingine au chuo kingine. Aliyetamani udaktari aweza kusoma utabibu ngazi ya stashahada, akahudumia wagonjwa, na akifaulu vema akaomba tena shahada. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina masomo ya msingi kwa ambao alama zao hazikutosha. Njia ndefu nayo ni njia.

Tatu, tumkatae yule anayenong'ona kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jina litaingizwa. Aghalabu ni tapeli. Na iwapo si tapeli, basi nafasi anayoiuza ameiiba kwa mtoto wa mtu, pengine wa jumuiya hii hii. Hatuwezi kuililia haki asubuhi na kuinunua jioni.

Nne, halmashauri za parokia zibadili desturi. Siku ya kuwapongeza wahitimu, waitwe wote waliofanya mtihani, waliochaguliwa na wasiochaguliwa, wasimame pamoja. Parokia isiyoweza kufanya hivyo afadhali isisome jina lolote.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Ni vijana gani wa jumuiya yetu waliokosa nafasi mwaka huu, na nani amewatembelea?

2. Shule iliyo jirani nasi ina walimu wangapi wa sayansi, na maabara yake ina nini? Nani atakwenda kuuliza, na lini?

3. Je, tumewahi kumwambia mtoto neno linalomfanya aamini kwamba thamani yake iko katika barua ya chuo?