Asilaumiwe Mpuliziaji Pekee

Kila msimu wa kupulizia mikorosho unapowadia, malori ya salfa hupita Nanganga, pale njia ya Ruangwa na Nachingwea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Masasi. Na kila msimu husikika onyo lile lile: wakulima waache uzembe.

Sisi tunaliona neno hilo kuwa rahisi mno. Salfa ya unga ni kinga ya mikorosho dhidi ya ubwiriunga, lakini huwasha macho na kifua, na vumbi lake likitanda ghalani huweza kulipuka kwa cheche moja. Ushauri wa wataalamu umekuwa gramu 250 kwa mti, mara tano, kila baada ya siku 14, tena alfajiri umande ungali majanini. Hebu na tumfikirie anayeutekeleza. Ameamka usiku, mashine inamnguruma mgongoni, na kitambaa alichojifunga puani kimelowa jasho. Afikapo mti wa sitini, je, ni ajabu akikivua?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba, 1984, huko Bhopal, India, gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide, ikaua maelfu ya watu. Kampuni ilidai kuwa mfanyakazi mmoja alitia maji tangini kwa hila. Hata tungelikubali dai hilo, ambalo wengi wamelikataa, mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla, na mnara wa kuchomea gesi ulikuwa umekatwa bomba lake kwa matengenezo. Hayo hayakuamriwa na kibarua.

Kwa hiyo wanaokagua hatari za maghala na mashamba yetu hawana budi kulihesabu kosa la binadamu tangu mwanzo, kama fundi wa daraja anavyouhesabu uzito wa lori. Vyama vya msingi visiridhike kwamba mkulima alielezwa mara moja mkutanoni. Barakoa zitolewe pamoja na mifuko ya salfa, si baadaye. Maelekezo yawe ya Kiswahili, tena yenye picha; wapuliziaji wapokezane; na dawa za maji zisigawiwe katika chupa za soda, kwani mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo. Yote hayo yafanywe kabla lori la kwanza halijapakuliwa.