Kadi Mbili za Picha

Wazazi wa Kalemela, kijana akiomba fedha ya pamba anunue kompyuta ya kutengenezea sinema za arusi, mwulizeni kwanza habari ya kadi ya picha. NVIDIA GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 yaweza, kwa karatasi, kufanya hesabu trilioni 2 hivi kwa sekunde. GTX 1650 ya mwaka 2019, trilioni 3 hivi. Zote zina kumbukumbu ya GB 4, nazo hula umeme wa wati 75 hivi. Lakini hesabu ya karatasi ni pamba ingali maua: joto na vumbi huipunguza. Basi kijana aijaribu kwa kazi yake mbele yenu, ndipo mlipe. Kama ni kuandika barua tu, kadi hiyo ya nini? Mnunulieni dada yake madaftari.