Kutumia Maktaba Si Wizi

Kuna sheria isiyoandikwa katika madarasa yetu ya kompyuta: anayetumia fanksheni za Bessel zilizomo katika maktaba ya hisabati ya lugha ya C ameiba. Muhula uliopita nilikatwa nusu ya alama za zoezi la mtetemo wa ngozi ya ngoma kwa sababu niliandika jn(7, x) badala ya kujitungia fanksheni yangu. Jibu lilikuwa sahihi. Kosa langu, niliambiwa, ni uvivu.

Nakataa. Itazameni hiyo njia ya bidii tunayofundishwa. Fomula yasema: J ya n+1 ni 2n/x mara J ya n, toa J ya n−1. Chukua x = 1, uanze na J0 = 0.765198 na J1 = 0.440051, namba zilizokadiriwa kwa desimali sita. J2 inatoka 0.114904, J3 inatoka 0.019565; hadi hapo kila mtu anafurahi. J5 inatoka 0.000323, ilhali ya kweli ni karibu 0.000250. J6 inatoka 0.000744, yaani imepanda badala ya kushuka. J7 inatoka 0.008605, na thamani yake halisi ni karibu 0.0000015. Tumepotea zaidi ya mara elfu tano bila kukosea hata hesabu moja! Kosa dogo la kukadiria hukuzwa kila hatua, n inapozidi x. Kuanza na tarakimu nyingi zaidi ni kuahirisha maangamizi tu.

Waliotunga jn walilijua hilo. Katika glibc, n isipozidi x hesabu hupanda. Ikizidi, huanzia juu ikashuka, na huko kosa hufifia. Mwanafunzi gani wa mwaka wa pili atabuni hilo usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi?

Wapinzani wana hoja moja nzuri: j0, jn na yn hazimo katika kiwango cha ISO cha C; zinatoka POSIX. Kweli. Ukitumia -std=c99, glibc huzificha mpaka ufafanue _XOPEN_SOURCE, na kompaila ya Microsoft huziita _j0 na _jn. (Mimi mwenyewe nilipoteza jioni nzima kwa kuipa namba moja ya programu nzima jina y1, kumbe ni jina la fanksheni tayari.) Lakini hayo si ndiyo ya kufundishwa?

Basi mwalimu aturuhusu jn, kisha atudai tuandike njia ya kupanda kando yake, tuonyeshe ni kwenye n ipi majibu yanaachana kwa x = 1, 10 na 50, na tueleze sababu. Zoezi hilo nitalifanya bila kunung'unika. Aliyenakili fomula ubaoni bila kuielewa ndiye atakayekuwa na kazi ya kujieleza.